Mayai 16, vifaranga watano: kisa cha kuku mwekundu na kiota cha wote

Mfugaji mmoja ana kundi dogo nyuma ya nyumba: jogoo mmoja na mitetea wanane, wote wakilala banda moja lenye viota vitatu. Viota ni vitatu, lakini karibu kuku wote hutaga katika kimoja tu, kile cha pembeni kabisa penye giza. Humo ndimo mtetea mwekundu alipoanza kuatamia. Ni mdogo kuliko wenzake, na kwenye chakula yeye ndiye husukumwa na wote.

Alikuta mayai sita kiotani, akayalalia. Siku tatu baadaye mfugaji, kwa nia njema kabisa, akamwongezea mengine matano yaliyokuwa jikoni. Hakuyatia alama. Wenzake nao hawakuacha mazoea yao. Waliendelea kuja kutaga humo humo, wakimbana ukutani, wengine wakimpanda mgongoni hadi wamalize. Mayai mawili yalivunjika kwa msukumano huo. Siku ya 21 ilipofika, chini yake kulikuwa na mayai 16, mengine yakiwa yamesukumwa pembeni ambako kifua chake hakikufika.

Vifaranga watano walitoka siku hiyo ya 21. Siku iliyofuata, kabla ya adhuhuri, kuku mwekundu aliinuka, akawaita wanawe, akatoka nao nje na hakurudi tena kwenye mayai. Mayai 11 yakapoa. Wiki mbili baadaye vifaranga walikuwa wamebaki watatu: mmoja alizama kwenye chombo cha maji, mwingine alidonolewa kichwani na mtetea mkubwa wakati wa kulishwa. Mfugaji akaamua kwamba kuku huyu hana malezi, kwamba ameyatelekeza mayai yake mwenyewe, na kwamba hafai kuachwa aatamie tena.

Sikubaliani na hukumu hiyo. Kuku mwekundu alifanya karibu kila kitu kama inavyotakiwa. Kilichoharibu ni kwamba mayai yake hayakuwa na siku moja ya kuanza, na kuku anayeatamia katikati ya wenzake hana njia ya kuipanga siku hiyo. Anayeweza kuipanga ni mfugaji.

Ushahidi wa mayai 11

Jambo moja mfugaji alilifanya vizuri sana, na wengi hawalifanyi: hakuyatupa mayai yaliyobaki. Tuliyapasua moja moja. Kazi hiyo inanuka, hasa ukifikia yaliyokwisha kuwa viza, kwa hiyo ifanyie nje na uoshe mikono vizuri baadaye. Lakini hakuna njia nyingine ya kujua kilichotokea. Ukitazama ganda kwa nje tu, unabaki kukisia.

Matatu kati yake yalikuwa na vifaranga waliokamilika kabisa, wenye manyoya na kucha, kiini kikiwa kimeanza kuingia tumboni lakini sehemu yake bado iko nje. Kiini huanza kuvutwa ndani ya mwili wa kifaranga karibu na siku ya 19. Hawa basi walikuwa wamebakiza takriban siku mbili. Hesabu inaangukia moja kwa moja kwenye mayai ya jikoni, yale yaliyoongezwa siku tatu baada ya mengine.

Manne yalikuwa na viinitete, yaani vifaranga wanaoanza kuumbika, vya umri tofauti tofauti. Kimoja kilikuwa na macho makubwa meusi na mwili usio na unyoya hata mmoja, yaani kama wiki moja hivi. Vingine vilikuwa vimeanza kuota vinyoya mgongoni lakini havijafunikwa mwili mzima, jambo ambalo hukamilika karibu na siku ya 14. Mayai mawili yalikuwa na mishipa ya damu tu, ya siku chache za mwanzo. Mawili ya mwisho yalikuwa hayana kitu ndani. Hayakuwa na mbegu.

Yapange sasa. Mawili tu kati ya 11 hayakuwa na matumaini tangu mwanzo. Tisa yalikuwa na uhai ulioanza kwa nyakati tofauti, yote chini ya kuku mmoja mwenye uwezo wa kutotoa mara moja tu. Ukisikia mtu anasema "mayai yangu yalikuwa mabovu", mwulize kwanza kama aliyapasua.

Ili kuelewa kwa nini siku ya kuanza ina uzito kiasi hiki, ni lazima kujua kwamba yai lenye mbegu likishatagwa na kupoa, kiinitete kilichomo husimama kukua. Chini ya nyuzi joto 20 hivi kinabaki kimelala bila kufa kwa siku kadhaa. Kinapopata joto la kuatamiwa, karibu nyuzi 37.5, kinaamka, na hapo ndipo hesabu ya siku 21 inapoanza. Siku lilipotagwa si hoja, mradi halijakaa mno. Hoja ni siku lilipopashwa joto.

Ndiyo maana kuku anayejificha vichakani hufaulu. Anataga yai leo, jingine kesho, anaondoka na kuyaacha yapoe. Yakifika kumi au kumi na mawili analala moja kwa moja, na yote yanaanza pamoja. Baada ya wiki tatu anatokea na kundi la vifaranga, na watu husema kuku akiachwa peke yake hajui kukosea. Ni kweli, lakini tazama alichokifanya: alitafuta mahali ambapo hakuna mtetea mwingine atakayekuja kumtilia yai. Kuku mwekundu, ndani ya banda, hakuwa na mahali hapo. Kumlinganisha na yule wa kichakani ni kumwonea.

Kwa nini aliinuka

Hili ndilo lililomuumiza mfugaji zaidi, na ninamwelewa. Kuona mama anatoka huku vifaranga waliokamilika wamebakiza siku mbili ni jambo gumu.

Kuku huatamia kwa sababu mwili wake umebadilika. Homoni ya prolaktini hupanda, kutaga kunasimama, hamu ya kula inapungua, manyoya ya kifuani yanapungua ili ngozi iguse mayai. Homoni hiyo inaendelezwa na mguso wa mayai yenyewe kwenye kifua. Siku ya mwisho kabla ya kutoboa, kifaranga huanza kulia ndani ya ganda, na mama humjibu kwa sauti ya chini ambayo hukuisikia wiki zote zilizotangulia. Wakishatoka na kuanza kujisogeza chini ya mbawa zake, prolaktini inashuka haraka, na kuku anageuka kutoka mlalia mayai kuwa mlezi wa vifaranga.

Kifaranga aliyetoka ana akiba ya kiini tumboni inayoweza kumshikilia siku mbili, hata tatu, bila kula wala kunywa. Akiba hiyo ndiyo inayompa mama muda wa kuwasubiri waliochelewa kwa saa kadhaa, au kwa siku moja na kidogo. Ikipita hapo, waliokwisha toka wataanza kudhoofika. Kuku mwekundu alisubiri mpaka siku iliyofuata, kisha akawapeleka watano walio hai kwenye chakula na maji. Angebaki kwa ajili ya wale watatu, angewahatarisha hawa watano, na bado yangekuwepo mengine yanayodai wiki nzima au mbili zaidi. Mimi sioni kosa hapo.

Wale watatu wangeweza kuokolewa, ila kwa mkono wa mtu. Kuku anapoinuka na mayai yakabaki, usiyaache yapoe huku unaamua. Yapashe mara moja, halafu sikiliza: yai lililokaribia kutoboa mara nyingi linatoa sauti ukiliweka sikioni, au linatikisika kidogo likiwekwa juu ya maji ya uvuguvugu, si ya moto. Hilo la maji lifanye tu kama ganda halina ufa wala tundu. Yaliyo hai yapeleke kwa kuku mwingine anayeatamia, au kwenye mashine ya kutotolea kama ipo. Vifaranga wakitoka ndani ya siku moja au mbili, warudishe kwa mama usiku, gizani, ukiwapenyeza chini ya ubawa mmoja mmoja. Kuku wengi huwapokea wakiwa bado wachanga hivyo. Wakishazidi siku tatu nne, mama ameshawajua wake na wageni anaweza kuwadonoa.

Kumbandulia maganda kifaranga anayechelewa ni jambo jingine, na sipendekezi. Kutoka tundu la kwanza hadi kutoka nje kunaweza kuchukua nusu siku hadi siku nzima. Katika muda huo anamalizia kuvuta kiini na damu iliyomo kwenye utando. Ukimharakisha, anatokwa damu.

Mambo madogo yaliyosaidia kuharibu

Wahenga walisema kuku havunji yai lake, na kwa kuku aliye peke yake kiotani msemo huo unasimama. Hapa waliovunja ni wawili wanaogombea nafasi ya mmoja. Yai lililovunjika halipotei peke yake: ute na kiini huyapaka mengine, huziba matundu ya ganda ambayo kiinitete hupumulia, na huwa chakula cha vijidudu. Ukikuta hivyo, toa maranda yaliyolowa, weka makavu, futa yaliyochafuka kidogo kwa kitambaa kikavu, na yaliyogandiwa sana yaondoe.

Kisha kulikuwa na suala la kiota kisicho chake. Kuku anayeatamia hutoka kama mara moja kwa siku, dakika 15 hadi 30, ale, anywe, aoge vumbi na kutoa kinyesi kikubwa chenye harufu kali ambacho amekizuia kwa saa nyingi. Mayai hayadhuriki kwa muda huo. Lakini mfugaji alimkumbuka kuku mwekundu akirudi na kukuta mtetea mwingine amekaa kutaga. Badala ya kupigana, akaingia kiota cha pili, akalalia yai moja lililokuwa humo, na kubaki hapo hadi alasiri. Kuku hatambui mayai yake, anatambua kiota na umbo la yai. Aliyebaki na mayai yake akamaliza kutaga na kwenda zake. Saa kadhaa za baridi huchelewesha ukuaji, na zikijirudia huua.

La tatu ni utitiri. Usiku, kwa tochi, tuliwakuta kwenye nyufa za kiota na chini ya kichanja. Utitiri mwekundu hujificha mchana na kunyonya damu usiku, na kuku anayeatamia ndiye anayekaa mahali pamoja kuliko wote. Upanga wa kuku mwekundu ulikuwa umepauka sana na kifua chake kimekuwa mfupa. Kupungua uzito wakati wa kuatamia ni kawaida. Upanga kupauka kidogo pia ni kawaida, lakini kupauka sana si kawaida. Nashangaa kwamba alikaa hadi mwisho. Kuku wengine wenye utitiri wengi huacha mayai katikati, na hapo pia huitwa mama wabaya.

Vifaranga wawili waliokufa baadaye hawahitaji maelezo marefu. Chombo cha maji kilikuwa cha kuku wakubwa, kina kirefu, bila mawe ndani. Aliyedonolewa alikufa kwa sababu mama yake yuko chini kwenye ngazi ya kundi na chakula kilimwagwa mahali pamoja. Mama mwenye cheo hufukuza wote na vifaranga wake hula katikati. Mama wa chini anasimama pembeni, na kifaranga anayekimbilia punje anajikuta miguuni mwa mtetea asiyemjua. Jogoo, kwa rekodi, hakumgusa kifaranga yeyote; wengi wao hawana ubaya, ingawa si wote.

Mara ya pili, kuku mwingine

Baadaye mtetea mwenye madoadoa, mkubwa wa mwili, akaanza kulala kiota kile kile. Safari hii mambo yalipangwa.

Kwanza hakupewa mayai ya kutotolesha. Aliachiwa mawili ya kuzuga kwa usiku mbili, ili ajulikane kama ameamua kweli. Kuku aliyeamua hubaki kiotani usiku badala ya kupanda kichanja, hujitanua ukimpelekea mkono, hunguruma, na ukimtoa hurudi palepale. Huku nyuma mfugaji alikuwa akikusanya mayai safi yenye umbo zuri, akiyaweka mahali penye ubaridi wa wastani, ncha kali ikitazama chini. Yaliyofika wiki moja yalikuwa bado yanafaa. Baada ya hapo uwezo wa kutotolewa hushuka siku hadi siku.

Usiku wa tatu akahamishwa. Usiku, kwa sababu kuku gizani hababaiki. Alipelekwa kwenye kona ya banda lile lile iliyotengwa kwa wavu, yenye sanduku la kiota, maranda mapya, maji, chakula na nafasi ya kutosha kutoka na kunyoosha miguu. Sanduku lilipakwa dawa ya utitiri siku kadhaa kabla, na kuku mwenyewe alikaguliwa chini ya mbawa na karibu na mkundu. Mayai 10 yakawekwa yote kwa mara moja, kila moja likizungushiwa mstari wa penseli. Wavu ulizuia wenzake wasiingie, kwa hiyo mstari ulikuwa tahadhari tu, lakini ni tahadhari isiyogharimu kitu.

Kuna wanaopendelea kumtenga kuku katika banda jingine kabisa. Mimi nauchagua wavu, na sababu yangu ni moja: kundi halimsahau. Kuku aliyetoweka zaidi ya wiki tatu hurudi kama mgeni, na ngazi inapangwa upya kwa midomo, huku vifaranga wakiwa miguuni. Nyuma ya wavu anaonekana kila siku, na vifaranga wake wanaonekana tangu saa ya kwanza. Banda la mbali linafaa pale ambapo banda kuu lina ugonjwa au nafasi ni finyu mno.

Siku ya saba mayai yalipimwa kwa tochi gizani. Moja lilikuwa jeupe, moja lilikuwa na duara la damu. Yote mawili yakatolewa. Yaliyobaki manane yalionyesha mishipa iliyotawanyika vizuri. Siku tatu za mwisho hakuguswa na mtu. Vifaranga saba walitoka ndani ya siku moja, na yai la nane lilikuwa na kifaranga aliyekufa kabla ya kutoboa, jambo linalotokea hata kwa kuku bora.

Chakula kilikuwa cha kuanzia, kwa mama na wana. Chakula cha kutagia kina kalisi nyingi mno kwa figo za vifaranga, na mama asiyetaga haihitaji. Maji yaliwekwa kwenye kisahani chenye kokoto. Vifaranga walianza chanjo kufuata ratiba ya daktari wa mifugo, ya mdondo ikiwa ya mwanzo. Maranda yaliwekwa makavu, kwa kuwa kuhara damu kunakoletwa na vimelea vya koksidia hupenda unyevu na hushambulia zaidi vifaranga wa wiki ya tatu hadi ya sita. Walipofika kama siku kumi, wavu ulifunguliwa alasiri moja, nje penye uwazi, chakula kikiwa kimesambazwa sehemu kadhaa na kizimba cha vijiti kimewekwa kando, chenye nafasi zinazopitisha kifaranga na kumzuia kuku mkubwa. Mtetea mkubwa alijaribu mara moja. Mwenye madoadoa alimrukia kabla hajafika.

Sehemu ya mafanikio haya ni cheo chake, na ni haki kulisema. Kuku mwekundu, hata kwa mpango huu huu, atahitaji kukaa nyuma ya wavu muda mrefu zaidi, pengine hadi vifaranga wafike wiki tatu na waweze kukimbia vizuri.

Na hilo ndilo nililomshauri mfugaji kuhusu yeye. Asiuzwe. Alikaa siku 21 akinyonywa damu, akibanwa na wenzake, na bado akatotoa mayai matano kati ya sita aliyoanza nayo. Kwa sasa ale, apone utitiri, arudi kutaga. Akianza kulala tena kabla mwili haujarudi, avunjwe hamu: awekwe siku chache kwenye kizimba chenye sakafu ya wavu kilichoinuliwa ili hewa ipite chini ya kifua, akipewa chakula na maji kama kawaida, mpaka aache kujitanua. Akishanenepa na upanga ukawa mwekundu, apewe kona ile ya wavu na mayai manane, si kumi, maana kifua chake ni kidogo. Na kama yeye na mwenye madoadoa wataatamia kipindi kimoja, waanzishwe usiku mmoja, ili vifaranga wakitoka wachache kwa mmoja waweze kuunganishwa chini ya mwingine usiku huo huo.